Risiti Zote Zina Jina la Eliamani

Mwanangu, ipo Jumanne moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hata leo najikuna kichwa. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la ofisi ya mapato mjini Arusha, nimevaa shati la kanisani, mkononi nina kadi ya pikipiki, na binti aliyekaa upande wa pili wa kioo ananieleza jambo lilelile kwa mara ya pili. Nilisikia kila neno alilosema na sikuelewa hata moja. Badala ya kumwambia hivyo, nikatikisa kichwa kukubali kama mtu mwenye akili zake, nikamshukuru, nikatoka nje.

Kosa langu ni hilo, na nimelitaja mapema ili usiseme nakuzungusha. Jana uliponipigia simu kwamba umenunua pikipiki kwa mfanyakazi mwenzako huko Kijenge, nilifurahi. Uliposema kadi bado ina jina lake, na kwamba utabadilisha mambo yakitulia, nikanywea. Nilitaka kukujibu palepale, ila unanijua, kwenye simu huwa napayuka, na mama yako alikuwa ananikazia macho. Ndiyo maana nakuandikia.

Wakati ule nilikuwa nakusanya maziwa huku Nkoaranga. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikajaza madumu, nikateremka nayo kwa baiskeli hadi kwenye lami, nikasubiri gari la kunifikisha mjini kwa wateja wangu. Masika baiskeli ilikuwa inanipanda mimi kuliko nilivyoipanda. Siku nyingine nilifika kwa mteja maziwa yameshaganda, naye ananiangalia tu. Pikipiki za Kichina ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kupanda mlima, na kila ilipopita moja nilisimama kuitazama mpaka ipotee migombani.

Rafiki yangu Eliamani alikuwa nayo. Tulipata kipaimara siku moja, tukaimba besi kwaya moja, na mashamba yetu yalitenganishwa na mfereji. Aliinunua mpya dukani, nyekundu, akaiendesha mwaka mmoja. Halafu akataka kuezeka nyumba yake, pesa ikampelea, akaniambia ataiuza, na kwamba angependa niichukue mimi kuliko mtu wa mbali.

Nikauza mtamba wangu. Mtamba huyo alitoka kwa mama yangu mzazi, alinipa nilipooa, na mama yako ndiye aliyekuwa anamkatia majani. Kwa hiyo elewa kwamba pikipiki ile haikuwa pesa tu. Ndani yake kulikuwa na bibi yako, na mama yako, na maziwa ambayo hatukuyakamua.

Biashara yenyewe tulifanya uani kwa Eliamani. Nilihesabu, naye akahesabu, akanipa ufunguo na kadi. Mwinjilisti alikuwa anapita njiani akitoka kumwona mgonjwa, tukamwita atuombee. Akaweka mkono juu ya tanki la mafuta, akaomba ombi refu sana, la kuepushwa na ajali, na matope, na madereva walevi. Eliamani akaingia jikoni akatoka na chai, tukanywa wawili baada ya mwinjilisti kuondoka, tukacheka. Karatasi hatukuandika.

Kwa akili yangu ya wakati ule, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwetu ng'ombe akihama boma hili kwenda boma lile, wenyewe wamekubaliana, mtumishi wa Mungu yupo, chai imenywewa, nani tena anakwenda mjini kumbadilisha ng'ombe jina? Nilidhani na pikipiki iko hivyo. Eliamani mwenyewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na akili. Aliniambia, "Nenda kahamishe jina. Mwenye duka alinisisitizia sana. Wakinihitaji nitakuja."

Ndipo nikaenda Jumanne ile.

"Karibu kaka," binti wa dirishani alisema.

"Nataka kadi hii isome jina langu. Nimeinunua."

"Mkataba wa mauziano uko wapi?"

"Mwinjilisti alituombea," nikamjibu.

Hakucheka, nami namshukuru hadi leo kwa hilo. Alianza kunieleza taratibu. Kwamba tuandike mkataba mimi na muuzaji, tuupeleke kwa mwanasheria. Kwamba mkataba huo una ushuru wake wa stempu. Kwamba baada ya hapo kuna ada ya kuhamisha umiliki, na kuna malipo ya kadi mpya, na niwe na namba ya mlipa kodi, na muuzaji naye aje na yake. Na kwamba leseni ya barabara ya mwaka ule ilikuwa imekaribia kwisha, nayo nisiisahau. Bima akasema inalipwa kwingine. Mimi stempu niliyoijua ni ile ya kubandika kwenye barua, nikabaki najiuliza barua inakwenda kwa nani.

"Samahani dada," nikasema. "Hii pikipiki si imeshalipiwa? Aliyeileta nchini alilipa ushuru. Dukani Eliamani alikatwa kodi. Akalipa tena kuisajili. Inalipiwa mara ngapi?"

"Zile zilikuwa za kuiingiza na kuisajili, kaka. Hizi ni za kuihamisha."

"Kuihamisha kwenda wapi? Ipo palepale Nkoaranga."

Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka, na mimi nikaona aibu. Binti akanieleza tena mwanzo mpaka mwisho, kwa upole, na mara hii ushuru na ada na kodi vikachanganyika kichwani mwangu vyote kwa pamoja. Nilikuwa na pesa kidogo mfukoni, za maziwa ya wiki ile. Katika maneno yake yote nililoshika ni moja tu, leseni ya barabara: unalipa, unapewa risiti na stika ya kubandika. Nikasema nitaanza na hiyo, nyingine nitarudi. Nikalipa nikatoka.

Sikurudi. Sababu sikukosa. Mara Eliamani ana shughuli, mara ng'ombe wa jirani hawatoi maziwa, mara mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kusimama tena mbele ya dirisha lile na kuonekana mjinga. Ila leseni ya barabara sikuiacha hata mara moja. Kila mwaka nilikuwa wa mbele kulipa, na kila risiti niliitia kwenye mfuko wa nailoni na kuuning'iniza msumarini chumbani. Nikiutazama mfuko ule nilijiona raia mwema na mwenye mali. Sikuwahi kuisoma hata risiti moja zaidi ya kiasi nilicholipa.

Mwaka wa tatu Eliamani aliugua. Aliugua wiki mbili tu. Siku ya mazishi mimi ndiye niliyebeba kreti za soda kutoka Tengeru kwa pikipiki ileile, safari nne, machozi yananitoka njiani.

Siku ya kumaliza tanga ukoo ulikaa. Mshili, ndiye mkuu wa ukoo wao, alikuwa mzee mtulivu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma mali za marehemu kutoka kwenye daftari: shamba la kahawa, nyumba, ng'ombe wawili, mashine ya kumenyea kahawa, na pikipiki. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanakwaya. Nilidhani nimesikia vibaya, nikasubiri arudie. Hakurudia, akafunga daftari.

Nikasimama. "Mshili, samahani. Pikipiki ni ya kwangu. Niliinunua kwake."

Mshili akamgeukia mjane, Mama Neema, aliyekuwa amekaa mkekani na watoto wake wanne.

"Shemeji si alipewa aendeshe?" Mama Neema alisema, macho yakiwa chini. "Mimi nilijua ni ya kuendesha tu."

Mwanangu, nilichanganyikiwa. Nikasema kadi ninayo mimi. Mtu mmoja akanijibu kwamba kila dereva anatembea na kadi ya tajiri wake, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Nikasema mwinjilisti anajua. Mwinjilisti alikuwapo, akasimama.

"Kuomba niliomba," alisema. "Nilimwombea atakayeipanda. Ni ya nani, sikuuliza."

Ndipo nilipoukumbuka mfuko wangu wa nailoni. Nilikwenda nyumbani mbio, nikarudi nao natweta, nikamkabidhi mshili mbele ya watu wote. Nilikuwa na uhakika kwamba mambo yameisha. Mtu gani analipia kitu kisicho chake miaka mitatu?

Mshili akavaa miwani vizuri. Akachukua ya kwanza akasoma kwa sauti, "Eliamani." Akachukua ya pili. "Eliamani." Akachukua ya tatu, akaigeuza huku na huku kama anatafuta kitu cha kunisaidia. "Hii nayo ni Eliamani. Risiti zote zina jina la Eliamani."

"Lakini nimelipa mimi," nikasema.

"Nakubali umelipa wewe," mshili alisema, tena kwa huruma. "Sasa niambie, mbona ulikuwa unamlipia mwenzako?"

Nilijua kwamba nina haki na sikuona haki yenyewe iko wapi. Risiti nilizozitunza ili zinitetee ndizo zilizonimaliza. Ukoo ukaamua pikipiki ibaki nyumbani kwa marehemu mpaka apatikane msimamizi wa mirathi. Nikatoa ufunguo na kadi mfukoni, nikaviweka mezani juu ya daftari, nikaondoka kwa miguu.

Nyumbani mama yako aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo mtamba wa mama ameenda wapi?" Nilikaa kwenye kigoda nikatazama ukuta. Hakuuliza tena, na ningekuwa yeye ningeuliza kila siku.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilirudi kwenye baiskeli, wateja wawili wakaniacha. Hayo ningeyavumilia. Kilichoniumiza ni maneno. Watu niliokuwa naimba nao walianza kunong'ona kwamba nilitaka kumdhulumu mjane kabla udongo haujakauka. Nikaacha kwaya. Na kuna kitu sijawahi kumwambia mtu, nakwambia wewe. Ilifika mahali nikaanza kujitilia shaka mwenyewe. Asubuhi moja, nimeshika dumu mlangoni kwa watu, nilijiuliza kama kweli niliinunua pikipiki ile, au kama Eliamani alinipa tu niendeshe na mimi nikajidanganya. Nilikumbuka pesa, nikakumbuka chai, lakini kila nilichokumbuka hakikuwa na shahidi. Fikiria mtu mzima amesimama na maziwa ya watu, hajui kama yeye ni mwizi au ameibiwa.

Mama Neema aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi. Akaiuza pikipiki kwa mtu wa Akheri. Nikasikia walikwenda mjini pamoja, yeye na mnunuzi, wakalipa kila kitu kwenye dirisha lile nililolikimbia, wakarudi siku chache baadaye kadi ikiwa na jina la mnunuzi. Mara mbili tatu nilipishana nayo njiani. Ilikuwa bado inang'aa, nami nilishuka kwenye baiskeli nikajifanya natengeneza mnyororo.

Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja Mama Neema akaja kwetu peke yake. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale, na wewe unajua kwetu mtu akija na isale mkononi amekuja kutaka msamaha, na kumkatalia ni jambo zito kuliko kosa lenyewe. Nilishtuka, maana sikujua anaomba msamaha wa nini. Nilikuwa nimeshaamini kwamba yule mama hakuambiwa na mumewe.

"Shemeji, nilijua," alisema kabla hata hajakaa.

"Ulijua nini?"

"Yote. Siku mnahesabu pesa nilikuwa jikoni. Chai mliyokunywa niliipika mimi. Na bati ninazolala chini yake ni za pesa yako."

Mama yako aliketi chini. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimuuliza kwa nini, na nadhani nilipiga kelele.

Hakukwepa. "Nilikuwa na watoto wanne na mume nimemzika juzi. Mshili alipoitaja pikipiki nilishangaa kama wewe. Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, shemeji, nakuapia. Nikawatazama watoto, nikasema nitasema kesho, nikatamka lile neno la kuendesha. Nikajua utaonyesha karatasi na yatakwisha. Ukaja na karatasi, zote jina la baba Neema. Nikajiambia, kama hata serikali inasema ni yake, mimi ni nani nikatae?"

Alilia. Mama yako naye alilia. Mimi nilisimama pale katikati, sijui nimfukuze au nimfariji. Nilitafuta ndani yangu yule mwizi niliyetaka kumwona mbele yangu, nikamkosa. Nilimwona mke wa Eliamani, mwanamke niliyemjua miaka yote, ambaye hajawahi kuchuma hata parachichi la jirani. Mtu huyo aliishi maisha yake yote bila kudhulumu, mpaka mimi nilipoiacha mali yangu kwenye jina la mumewe miaka mitatu, kisha ikasomwa mbele yake katika wiki mbaya kuliko zote za maisha yake. Sikusema kosa halikuwa lake. Lilikuwa lake. Lakini mlango niliuacha wazi mimi, kwa sababu ya aibu ya kumwambia binti wa dirishani maneno mawili, "Bado sijaelewa."

Nikalipokea jani. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani mwenyewe, bila kuitwa na mtu, akaeleza. Cha kunilipa hakuwa nacho, nami sikudai.

Sasa mwanangu, nisikilize. Usiniulize utalipa kiasi gani, maana sijui, na kila bajeti ikisomwa viwango vinabadilika. Hata ile leseni ya barabara niliyojivunia naambiwa siku hizi haipo, imehamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo sijui kama ninapojaza lita mbili za jenereta nalipia barabara ambayo jenereta haipiti. Naambiwa pia mnapewa namba ya malipo mnalipa kwa simu. Sawa. Mimi bado nachanganya ushuru na ada, na nitakufa nachanganya. Kutoelewa si aibu, na si kosa lililoniponza. Kilichoniponza ni kutikisa kichwa.

Nenda wiki hii, usisubiri mambo yatulie, hayatulii. Nenda na aliyekuuzia, wote mkiwa wazima. Andikeni mkataba, na kama ana mke, mke awepo na aweke sahihi yake, aijue biashara akiwa anacheka, asije akaijua akiwa analia. Chukua kalamu na karatasi. Kila malipo wanayokutajia uliza ni ya nini, na usipoelewa sema hujaelewa, hata mara nne, hata nyuma yako watu wakicheka. Hao watarudi kwao na wewe utarudi na pikipiki yako. Wale vijana wa getini watakaokuambia lete nikushughulikie, wapite. Na ukishalipa, risiti ikifika mkononi soma jina kwanza, halafu ndiyo usome kiasi.

Usiniambie mwenzako ni mwaminifu. Najua ni mwaminifu, ndiyo maana nakuhimiza. Mwaminifu naye ana mke na watoto, na ana siku yake mbaya inayomsubiri mbele, na siku hiyo ikifika kitu chako kisiwe mikononi mwake kinamwita.

Basi Mungu wa babu zako akutangulie barabarani, akuepushe na matope na madereva walevi. Akupe chakula kwa jasho lako, na jasho hilo aliandike kwa jina lako. Na akujalie, mwanangu, usiwe wewe jaribu lililomwangusha mtu mwema.